Kabila Kumi Hazikupotea

Liko neno linalotembea katika vijiji vyetu, nalo lazidi kupata nguvu. Lasema hivi: kabila kumi za Israeli zilichukuliwa na Waashuri, zikapotea zisionekane tena; na kwa kuwa zimepotea, basi huenda ndizo sisi. Mmoja asema ukoo wake ni wa Dani, mwingine asema kabila yake ni Efraimu, na wa tatu aleta ushahidi wa tohara na wa sadaka za wazee. Wasikilizaji watikisa vichwa kwa furaha, maana ni nani asiyependa kuambiwa kwamba babu yake ametajwa katika Kitabu? Sisi twasema kwamba neno hili si kweli, tena lina hatari ndani yake. Wala hatutaki msomaji atusadiki kwa sababu sisi ni walimu. Twataka afungue Biblia yake, aweke kidole penye mstari, ahesabu pamoja nasi.

Tuanze na habari yenyewe. Baada ya Sulemani ufalme ulipasuka: kusini Yuda, na mji wake Yerusalemu, kaskazini Israeli, na mji wake Samaria. Falme hizi mbili zilikuwa ndogo, zimezungukwa na majirani: Washami wa Dameski, watu wa Tiro na Sidoni, Waamoni, Wamoabu, Waedomu na Wafilisti. Nyuma ya hao wote yalikuwako mataifa makubwa mawili, Misri upande wa kusini, na Ashuru upande wa kaskazini-mashariki, penye mto Hidekeli. Mwaka 745 kabla ya Kristo akatawala Ashuru mfalme Tiglath-pileseri wa tatu, ambaye Biblia yamwita pia Puli, na tangu mwaka ule majirani hao hawakuwa na raha. Menahemu wa Samaria alimpa mali ili amwache. Mwaka 732 Dameski ulianguka, na katika vita hivyo watu wa Galilaya na Gileadi walichukuliwa mateka. Kisha Shalmaneseri wa tano akauzunguka mji wa Samaria miaka mitatu, nao ukaanguka yapata mwaka 722. Sargoni wa pili, aliyemfuata katika ufalme, alijitwalia sifa ya ushindi huo.

Sasa, Waashuri hawakuwa watu wa vita tu, walikuwa na waandishi pia. Waliandika katika vigae vya udongo na katika mawe ya kuta za majumba yao. Maandishi hayo yalilala chini ya ardhi zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1843 Mfaransa Botta alifukua jumba la Sargoni mahali paitwapo Khorsabad, na miaka michache baadaye Mwingereza Layard akafukua Nimrud na Ninawi. Wenye elimu walipokwisha kujifunza kuyasoma maandishi hayo, tukapata jambo ambalo baba zetu hawakuwa nalo: twaweza kuwasikiliza wenye kesi wote wawili, kama wazee wa baraza wafanyavyo, kwanza huyu, kisha yule.

Wako wanaoogopa kusikiliza upande wa pili. Wasema kwamba mtu mwenye Biblia hahitaji vigae vya wapagani. Twawajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 701 Senakeribu, mwana wa Sargoni, aliishambulia Yuda. Kitabu cha Wafalme chasema kwamba Hezekia alimtoza mwenyewe hazina yake akampa Senakeribu talanta 30 za dhahabu na talanta 300 za fedha. Maandishi ya Senakeribu yasema talanta 30 za dhahabu na talanta 800 za fedha. Dhahabu imepatana kabisa. Katika fedha yule mwenye kujisifu amezidisha, au amehesabu na vitu vingine. Tena ajisifu kwamba alitwaa miji 46 yenye maboma, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Lakini hasemi kwamba aliutwaa Yerusalemu, kwa kuwa hakuutwaa. Je, ushahidi huo umemdhuru nani? Haukumdhuru mtu. Umetufundisha kwamba mfalme wa Ashuru husema makubwa kuliko yaliyokuwa, wala hasemi madogo. Msomaji na aliweke neno hili akilini, maana tutalihitaji sasa hivi.

Sargoni aandika kwamba alichukua kutoka Samaria watu 27,290. Hesabu hiyo ni ya mshindi mwenyewe, aliyetaka ulimwengu umwogope. Kama angalikuwa amechukua watu 100,000 asingalikosa kusema hivyo. Basi watu wa Samaria walikuwa wangapi? Biblia yatupa njia ya kukisia. Katika Wafalme wa Pili, mlango wa 15, Menahemu aliwatoza matajiri wa Israeli shekeli 50 kila mtu, apate talanta 1,000 za kumpa Puli. Na talanta moja ni shekeli ngapi? Kitabu cha Kutoka, mlango wa 38, chasema kwamba watu 603,550 walitoa nusu shekeli kila mtu, ikawa talanta 100 na shekeli 1,775. Mtoto wa shule aweza kufanya hesabu hiyo ubaoni: talanta moja ni shekeli 3,000. Basi talanta 1,000 ni shekeli 3,000,000. Tukigawanya kwa 50 twapata watu 60,000. Hao ni wenye mali peke yao, bila wake zao, bila watoto, bila maskini wao na watumishi wao. Hata tukiwatoa wale wa Gileadi na Galilaya waliotangulia kuchukuliwa, mtu 27,290 hawawezi kuwa Israeli yote. Walichukuliwa wakubwa, askari, mafundi na watu wa mjini. Wengi wa mashamba walibaki.

Mtu atasema, "Hii ni hesabu tu, Maandiko yasema ikasalia kabila ya Yuda peke yake." Ni kweli, ndivyo yasemavyo katika Wafalme wa Pili, mlango wa 17. Lakini maneno hayo yanena habari za ufalme na hukumu yake; hayasemi kwamba katika nchi ile hakubaki mtu hata mmoja. Kama yangesema hivyo, yangepingana na Maandiko mengine. Fungua Mambo ya Nyakati ya Pili, mlango wa 30: Hezekia apeleka matarishi kwa Efraimu na Manase mpaka Zabuloni kuwaita waje Pasaka, na watu wa Asheri, wa Manase na wa Zabuloni wakaja. Fungua mlango wa 34: katika siku za Yosia, yapata miaka 100 baada ya Samaria kuanguka, fedha ya kutengeneza hekalu yatoka mikononi mwa Manase na Efraimu na mabaki ya Israeli. Fungua Yeremia, mlango wa 41: watu 80 watoka Shekemu, Shilo na Samaria wakileta sadaka, na hapo Yerusalemu umekwisha kuteketezwa. Watu waliopotea hawaitwi Pasaka, wala hawatoi mchango.

Kisha njoo katika Injili ya Luka, mlango wa 2. Mtoto Yesu aletwa hekaluni, na mwanamke mzee aitwaye Ana amshukuru Mungu kwa ajili yake. Luka asema kwamba Ana alikuwa binti Fanueli, wa kabila ya Asheri. Asheri ni kabila mojawapo katika zile kumi! Yapata miaka 700 imepita tangu Samaria ianguke, na mjane huyu bado ajua kabila yake, nao majirani zake waijua. Mtume Paulo naye, alipojitetea mbele ya Agripa, alinena habari za kabila zao kumi na mbili wanaomwabudu Mungu usiku na mchana; hakusema mbili. Sisi twamsadiki Paulo, Mwisraeli wa Benyamini, kuliko mtu wa leo ambaye amesikia jambo mkutanoni akalipenda.

Na Wasamaria je? Waashuri walileta Samaria watu kutoka Babeli, Kutha, Hamathi na miji mingine, wakachanganyika na wenyeji. Wasamaria wenyewe hata leo wasema kwamba wao ni wana wa Efraimu na Manase. Wapo bado, nao hawafiki 1,000. Wengine wakaa juu ya mlima Gerizimu karibu na Nablus, wengine katika mji wa Holon, nao huchinja kondoo wa Pasaka kila mwaka. Mwenye kutafuta mabaki ya Israeli ya kaskazini, na aanzie hapo. Lakini hatumwoni akianzia hapo. Aliyezoea kusikia neno "Msamaria" likinenwa kwa dharau apenda zaidi kuwatafuta Waisraeli mahali ambapo yeye mwenyewe amekaa.

Sasa twende na wale waliochukuliwa. Je, wao walipotea? Biblia yataja mahali walipowekwa: Hala, na penye Habori, mto wa Gozani, na miji ya Wamedi. Habori ndio mto uitwao leo Khabur, na Gozani ni mahali paitwapo Tell Halaf, katika Shamu ya kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Uturuki. Tazama ramani. Mtu atokaye Samaria kwenda Gozani ameipa Afrika kisogo. Wala hawakwenda kwa siri. Katika vigae vilivyofukuliwa Nimrud iko orodha ya maofisa wa magari ya vita katika jeshi la Ashuru, na kati yao wamo watu wa Samaria, baadhi yao wenye majina ambayo ndani yake limo jina la Mungu wa Israeli. Ndipo tunapowaona waliopotea: katika daftari ya jeshi, wakihesabiwa pamoja na farasi!

Mambo haya yatuonyesha desturi ya Ashuru. Waashuri waliwahamisha watu ili wasiasi, tena ili wapate kazi yao: mwenye kulima alime, fundi ajenge, askari apigane. Katika mawe ya jumba la Senakeribu, ambayo sasa yamo London, imechorwa habari ya Lakishi, mji wa Yuda. Humo twaona jamaa nzima wakitoka mjini, wanawake na watoto juu ya gari la ng'ombe, na mizigo yao imefungwa. Hawakupelekwa jangwani wafe. Walipelekwa kukaa kati ya mataifa mengine waliohamishwa vilevile, Washami, Wababeli, Wamedi na wengine, mpaka watoto wao na watoto wa jirani wakaoana. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiaramu. Katika siku za Hezekia ilikuwa bado lugha ya wakubwa, maana Eliakimu alimwomba amiri wa Ashuru aseme Kiaramu ili watu ukutani wasifahamu. Lakini ilienea kati ya watu wa kabila nyingi, kama Kiswahili kilivyoenea kwetu, hata katika siku za Bwana wetu ikawa lugha ya Galilaya yenyewe. Watu wa namna hiyo hatusemi wamepotea, twasema wamechanganyika. Sukari ikitiwa katika chai haijapotea, lakini usiwaambie watu kwamba wewe umeiona ikitembea njiani.

Basi hadithi ya kupotea ilitoka wapi? Yapata mwaka 100 baada ya Kristo kiliandikwa kitabu kiitwacho Ezra wa Nne, nacho kikasimulia kwamba kabila kumi zilivuka mto Frati zikasafiri mwaka mmoja na nusu mpaka nchi isiyokaliwa na mtu. Katika miaka ya 800 akatokea msafiri mmoja Myahudi, Eldadi, aliyejiita wa kabila ya Dani, akasema ndugu zake wakaa ng'ambo ya mito ya Kushi. Mwaka 1650 Manasseh ben Israel, rabi wa Amsterdam, alichapa kitabu akatoa habari kwamba baadhi yao wameonekana Amerika. Mwaka 1840 John Wilson akawaambia Waingereza kwamba ndio wao! Na mwaka 1904 afisa wa Kijerumani, Moritz Merker, aliyekaa katika nchi yetu ya Tanganyika, akaandika kitabu kikubwa kusema kwamba Wamasai na Waisraeli wa kale ni wa asili moja. Waona, msomaji, jinsi kabila kumi zinavyohama. Kila mtu azikuta pale anapotaka kuzikuta.

Wenye hoja watatuletea desturi: tohara, sadaka ya mnyama, unajisi wa maiti, ndugu kumrithi mjane. Nasi twawauliza: je, Israeli peke yao walitahiri? Yeremia, mlango wa 9, ataja pamoja na Yuda Wamisri, Waedomu, Waamoni na Wamoabu. Mataifa mengi hutoa sadaka, na mataifa mengi humtunza mjane kwa njia hiyo. Wengine watatuletea maneno ya lugha. Kweli, sita, saba na tisa za Kiswahili zafanana na za Kiebrania. Lakini tulizipata kwa Waarabu, kwa biashara ya pwani, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Neno husafiri kwa jahazi bila kuleta ukoo.

Wala hatukatai kila habari ya damu ya mbali. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini wamechunguzwa na wenye elimu ya urithi, ikaonekana kwamba baadhi ya baba zao walitoka Mashariki ya Kati. Wayahudi wa Ethiopia walikubaliwa mwaka 1973 na rabi mkuu Ovadia Yosef kuwa wa kabila ya Dani. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa sheria ya dini, wala haukutoka katika daftari za Ashuru. Kila habari na ipimwe kwa ushahidi wake. Tunachokataa ni mtu kuruka kutoka Samaria mpaka kijijini kwake bila daraja.

Labda msomaji atauliza, "Hata kama ni hadithi, ina ubaya gani? Waache watu wafurahi." Ubaya ni huu. Mtu akisema, "Sisi ni Israeli," hasemi peke yake, jirani yake asikia neno la pili lisilotamkwa, "Na ninyi je, ni nani?" Leo ni majivuno, kesho ni kunyimana wake na waume, kesho kutwa ni mashamba. Tena sifa ya kutoka mbali ni upanga wenye makali kuwili. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapa kitabu akisema kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni waliotoka upande wa Uhabeshi. Wengine wakalipokea neno lile, wakalifundisha katika Rwanda na Burundi, na siku za kwanza likawa sifa kwa Watutsi. Mwezi wa Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alisimama mbele ya watu akasema kwamba hao warudishwe kwao Ethiopia kwa mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto ule ulibeba maiti. Ile sifa ilikuwa imegeuka kuwa hati ya kufukuzwa. Nani kati yetu ataka kuwaandikia wanawe hati kama hiyo kwa mkono wake mwenyewe?

Tena twastaajabu kwa nini mtu mweusi aazime jina la Efraimu apate kuingia katika Biblia, hali Afrika imo kwa jina lake. Katika siku zizo hizo za Ashuru, Tirhaka mfalme wa Kushi, mtu wa nchi iitwayo leo Sudan, alitawala mto Nile mpaka Misri, tangu 690 hata 664 kabla ya Kristo. Biblia yamtaja kuwa alitoka kupigana na Senakeribu. Esar-hadoni alimwondoa Memfisi mwaka 671, na mwaka 663 Waashuri wakauteka No-Amoni. Ndio msiba ambao nabii Nahumu awakumbusha Ninawi, akisema kwamba wao nao si bora kuliko mji ule. Nao Ninawi ukaanguka mwaka 612 mbele ya Wababeli na Wamedi. Baadaye Yeremia alipotupwa shimoni, aliyemtoa alikuwa Ebed-meleki, Mkushi. Na nabii Amosi, kabla Samaria haujaanguka, aliwaambia Waisraeli wenye kiburi cha ukoo kwamba mbele za Mungu wao ni sawa na Wakushi. Israeli aambiwa kwamba ni kama Mkushi. Nasi twakimbilia kusema kwamba sisi si Wakushi, tu Israeli! Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Basi, ndugu wasomaji, mtu akisimama tena kati yenu na kusema kwamba kabila yenu ni ya wale waliopotea, msimzomee wala msimfukuze. Mkalisheni, mwulizeni kwa adabu maswali matatu. La kwanza: kutoka Gozani mpaka hapa walipita njia gani, na ni nani aliyewaona? La pili: ikiwa kabila zilipotea, Ana binti Fanueli alijuaje kwamba yeye ni wa Asheri? La tatu: ukiisha kuupata ukoo wa Israeli, utapata neno gani la Mungu ambalo hukupewa ulipobatizwa? Akiweza kuyajibu matatu hayo kwa Maandiko na kwa ushahidi, tutamsikiliza. Asipoweza, mpeni Biblia ayasome mwenyewe Mambo ya Nyakati ya Pili, mlango wa 30, kisha mwende wote shambani, kila mtu kwa jina la baba yake.